Tazama Anavyoinuka Mkekani

Mpwa wangu alikuwa na miaka minne siku nilipomtazama vizuri akiinuka mkekani. Tulikuwa Pangani kwa mama, chakula kimekwisha, watoto wenzake wameshachomoka kwenda uani. Yeye alipiga magoti kwanza, akaweka viganja chini, akanyanyua makalio huku kichwa kikiwa bado chini, kisha akaisogeza mikono kuifuata miguu. Mkono mmoja ukashika goti, wa pili ukashika goti jingine, viganja vikawa vinapanda mapajani kidogo kidogo, vikisukuma, mpaka kiwiliwili kikasimama. Kama mkwezi anayepanda mnazi, ila mnazi wenyewe ni mwili wake. Sisi watu wazima tulimwita "babu" kwa namna ile ya kuinuka, naye akaitika. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba tumekwisha kuonyeshwa ugonjwa.

Daktari William Gowers wa London aliieleza namna hiyo ya kuinuka mwaka 1879, na mpaka leo madaktari huiita dalili ya Gowers. Misuli ya nyonga na mapaja haina tena nguvu ya kuusimamisha mwili, kwa hiyo mikono inaitwa kusaidia. Kuitazama hakuhitaji umeme wala maabara: unamkalisha mtoto sakafuni, unamwambia asimame, basi. Hata hivyo mpwa wangu alifikisha miaka minane kabla hatujaambiwa ana ugonjwa gani. Mazungumzo mengi kuhusu magonjwa ya kudhoofika kwa misuli hukimbilia tiba mpya za mamilioni ya dola, nami nitazifikia. Lakini kwa nchi zetu naona jambo kubwa liko nyuma zaidi, kwenye miaka inayopotea kabla ugonjwa haujapewa jina, na kwenye miaka inayoweza kuongezwa kwa vitu ambavyo tayari vimo katika maduka yetu ya dawa na karakana zetu.

Magonjwa haya ni ukoo mkubwa, zaidi ya aina 30. Inayowapata watoto wengi zaidi ni ya Duchenne, yenye jina la Guillaume Duchenne, Mfaransa mzaliwa wa Boulogne aliyeieleza kwa kina katika miaka ya 1860, ingawa Edward Meryon wa London alikuwa ameshaeleza habari za wavulana wa aina hiyo karibu muongo mmoja kabla yake. Chanzo kilibaki gizani hadi 1986 na 1987, timu ya Louis Kunkel huko Boston ilipoipata jeni yenyewe na kisha protini inayotokana nayo, wakaiita distrofini. Kazi ya distrofini ni kuushikiza utando wa seli ya msuli kwenye nyuzi za ndani. Isipokuwepo, kila msuli unapojikaza utando huchanika kidogo. Mwili unatengeneza, utando unachanika tena, mwishowe matengenezo yanashindwa na mahali pa msuli panajaa mafuta na makovu. Ndiyo sababu vigimbi vya watoto hawa hutuna kama vya mcheza mpira wakati miguu yenyewe haina nguvu.

Duchenne humpata mvulana mmoja katika kila wavulana 3,500 hadi 5,000 wanaozaliwa. Tanzania peke yake huzaliwa watoto zaidi ya milioni 2 kwa mwaka. Hata ukichukua kiwango kile cha chini, ni wavulana wapatao 200 kila mwaka. Muulize daktari wa wilaya yoyote amewaona wangapi.

Wanapotelea wapi? Nianze nyumbani, maana ndiko nilikoshuhudia. Mtoto anapitisha miezi 18 bila kutembea, watu wanasema wavulana huchelewa. Anachelewa kuongea, wanasema baba yake naye alikuwa hivyo. Anaanguka ovyo, hawezi kuruka kwa miguu miwili, anatembea akichuchumia kwa ncha za vidole, tumbo mbele, kiuno kimebonyea, akiyumba kama bata. Wanasema atakua. Halafu kuna choo cha shimo, na hili sijaliona likiandikwa popote. Mtoto ambaye akichuchumaa hawezi kuinuka ataanza kukiogopa choo. Dada yangu alimchapa mwanawe zaidi ya mara moja kwa kujisaidia nyuma ya nyumba. Siku alipoelezwa kwa nini mtoto hakuwa anaingia chooni, aliondoka chumba cha daktari akaenda kukaa peke yake kwenye benchi la nje, na mpaka leo akilikumbuka hulia.

Tulimkanda mafuta. Alichanjwa chale za magoti. Jirani mmoja mwenye nia njema kabisa alishauri afukiwe mchangani hadi kiunoni kila asubuhi ili miguu ikomae, tukafanya hivyo kwa majuma kadhaa pale ufukweni. Siwalaumu wazee. Walifanya walichokijua, na hakuna aliyekuwa amewapa kingine.

Hospitali nayo ilikuwa na sehemu yake. Mpwa wangu alipokuwa na miaka sita alipata homa, akapimwa damu, na vimeng'enya vinavyohesabiwa kuwa vya ini vikaonekana viko juu sana. Tukaambiwa ini limeathirika. Akakatazwa mafuta na mayai, akapewa dawa, akarudiwa kupimwa mara tatu, na kila mara namba hazishuki. Kosa hilo halitokei kwetu tu. Limeandikwa na madaktari wa nchi nyingi. Vimeng'enya hivyo, AST na ALT, vimo kwenye ini lakini vimo pia kwenye msuli, na msuli unaochanika huvimwaga kwenye damu. Mtoto wa kiume mwenye ALT ya juu, asiye na manjano, anayeanguka anguka, anahitaji kipimo kimoja zaidi kabla ya mtu kulitaja ini. Kipimo hicho ni kreatini kinasi, ambacho wahudumu wa maabara hukiita CK. Kwa mtoto wa kawaida kiko chini ya mia chache. Kwa mtoto mwenye Duchenne hupanda mara kumi hadi mara mia, na kiko juu tangu siku anayozaliwa, miaka mitatu au minne kabla hajaanza kujipanda mapajani. Maabara kubwa za mijini hukifanya kwa damu kidogo ya mshipa. Kingekuwa kimeombwa siku ile ya homa, tungepata miaka miwili.

Kilichokuja kutufungulia njia ni swali, na aliyeuliza alikuwa daktari kijana katika kliniki nyingine kabisa. Alimtazama mtoto akiinuka sakafuni, akanyamaza kidogo, kisha akamgeukia mama yangu aliyekuwa amekuja kusindikiza. "Bibi, shikamoo. Samahani kwa kukurudisha mbali. Upande wenu wa kuukeni nyinyi, upande wa mama, kuna kijana yeyote aliyewahi kupooza miguu taratibu?" Mama alikaa kimya muda mrefu. "Marahaba mwanangu. Alikuwepo kaka yangu. Alianza hivi hivi. Akaacha kutembea, akafa hajaota ndevu. Walisema amerogwa."

Ndani ya majibu hayo mlikuwa na habari yote. Jeni ya distrofini iko kwenye kromosomu X. Mwanamke ana X mbili. Moja ikiwa na kasoro, nyingine kwa kawaida humlinda, naye anaweza kuishi maisha yake yote bila kujua. Mwanamume ana X moja, na ameipata kwa mama yake. Kila ujauzito wa mama mwenye kasoro hiyo, mtoto akiwa wa kiume kuna nusu kwa nusu ya kuugua, akiwa wa kike kuna nusu kwa nusu ya kuibeba. Kwa hiyo anayetafutwa katika historia ya familia ni mjomba: mjomba wa mtoto, mjomba wa mama yake. Mimi na dada yangu tumelala tumbo moja. Mimi niliipata X iliyo nzima, yeye akaipata ile nyingine, na hakuna kati yetu aliyechagua.

Naliandika hili kwa kirefu kwa sababu katika familia nyingi kinachofuata baada ya jina la ugonjwa ni mashtaka dhidi ya mama. Nimewasikia wanawake walioachwa kwa sababu hii. Ukweli ni kwamba karibu theluthi moja ya wagonjwa wametokana na kasoro mpya kabisa, iliyozuka bila kurithiwa kwa mtu yeyote, na hata pale iliporithiwa, haikutokana na tabia wala kosa la mtu. Kinachofaa kwa mama ni tofauti kabisa na lawama: apimwe yeye na dada zake ili wajue, na kama anaibeba, moyo wake uangaliwe kila baada ya miaka michache, maana baadhi ya wabebaji hudhoofika moyo wakiwa hawana dalili nyingine yoyote.

Si kila mtoto anayeinuka hivyo ana Duchenne. Wapo wenye aina ya Becker, iliyoelezwa na Peter Emil Becker mwaka 1955: jeni ni ileile, ila distrofini yao ni pungufu badala ya kukosekana, na hutembea mpaka ujana au utu uzima. Wapo wenye kuvimba misuli kwa sababu ya kinga ya mwili, na hao wana tiba. Kuna ugonjwa wa neva za uti wa mgongo unaodhoofisha miguu lakini CK haipandi sana. Na kuna wasichana. Msichana mwenye sura yote ya Duchenne anapaswa kuwazindua madaktari kuhusu aina zinazodhoofisha mabega na nyonga ambazo hurithiwa kwa baba na mama pamoja. Tunisia ndiko Mongi Ben Hamida na wenzake walikoeleza mwaka 1983 aina kali ya namna hiyo, inayowapata wavulana na wasichana sawasawa katika familia zinazooana ndugu kwa ndugu. Kwa jamii zetu za pwani na za Ghuba, ambako ndoa za binamu ni za kawaida, swali hilo nalo ni la kuulizwa, kwa adabu.

Baada ya CK hufuata kipimo cha jeni. Jeni ya distrofini ni miongoni mwa zilizo kubwa kuliko zote katika mwili wa binadamu, herufi zaidi ya milioni 2.2, na vipande 79 vinavyosomwa. Kwa takribani wagonjwa wawili katika watatu, kipande kimoja au zaidi kimekatika na kutoweka. Mara nyingi damu husafirishwa nje ya nchi, na hapa kuna habari njema ambayo wengi hawaijui: chupa ndogo yenye kifuniko cha zambarau huhimili safari ya siku kadhaa, hivyo damu ndiyo inayosafiri, mtoto anabaki nyumbani. Gharama bado ni nzito kwa familia ya kawaida. Lakini matunzo hayangoji karatasi hiyo. Sura ya mtoto, CK ya maelfu na historia ya upande wa mama vinatosha kuanza.

Nieleze tofauti ya Duchenne na Becker kwa mkeka, kwa sababu tiba mpya kadhaa zimejengwa juu yake. Mkeka ni ukili ulioshonwa kwa ukili. Toa vipande vya katikati: ikiwa ncha mbili zilizobaki zinalingana miyaa, mshonaji ataziunganisha, apate mkeka mfupi lakini wa kulalia. Huyo ndiye Becker. Ncha zisipolingana, kuanzia hapo miyaa yote inafumuka. Huyo ni Duchenne. Baadhi ya dawa mpya hufanya hila ya kuruka kipande kingine cha jirani ili ncha zilingane. Ya kwanza, eteplirsen, iliruhusiwa Marekani mwaka 2016, na inawafaa takribani asilimia 13 tu ya wagonjwa. Distrofini iliyoongezeka kwao ilikuwa kidogo mno. Njia ya pili ni kumwingizia mgonjwa jeni iliyofupishwa sana, ikibebwa na kirusi kisicho na madhara makubwa, kwa kuwa jeni nzima haiwezi kuenea ndani yake. Dawa ya namna hiyo, Elevidys, iliruhusiwa Marekani mwaka 2023 kwa bei ya dola milioni 3.2 kwa mgonjwa. Jaribio lake kubwa halikufikia lengo lake kuu, na mwaka 2025 vijana wawili waliokuwa hawatembei tena walifariki kwa ini kushindwa kazi baada ya kuipokea. Sayansi hiyo ni ya heshima, naamini itafika mahali. Ila nimeona familia zikiuza shamba kwa kutafuta tiba ya namna hiyo nje, huku mtoto hajawahi kupewa prednisoloni.

Prednisoloni ni kidonge cha steroidi cha bei ndogo kilichomo kwenye duka la dawa la mji wowote. Kwa Duchenne hutolewa miligramu 0.75 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtoto wa kilo 20 hupata vidonge vitatu vya miligramu 5. Bila dawa, watoto wengi huacha kutembea kati ya miaka 8 na 12. Steroidi huongeza miaka miwili, mitatu na pengine zaidi, hupunguza kupinda kwa mgongo na huyalinda mapafu. Jaribio lililochapishwa mwaka 2022, lililowafuatilia wavulana 196 kwa miaka mitatu, lilionyesha kwamba kumeza kila siku kunafaa kuliko kumeza siku kumi na kupumzika kumi. Madhara yapo: uso kuvimba, uzito, kimo kudumaa, mifupa kuwa myepesi, mtoto wa jicho, hasira. Kwetu kuna mambo mawili ya ziada ambayo miongozo iliyoandikiwa nchi za baridi huyapitia haraka. Mtoto achunguzwe kifua kikuu, na atibiwe minyoo kabla ya kuanza, hasa strongiloidi, ambayo steroidi huweza kuiachia isambae mwili mzima na kuua. Jambo la pili ni dawa kuisha. Mtoto aliyemeza steroidi kwa miezi hawezi kuziacha ghafla, kwa kuwa mwili wake umeacha kutengeneza zake. Akikatishwa, anaweza kuzirai na kufa kwa homa ndogo tu. Kwa nyumba iliyo mbali na mji, akiba ya mwezi mzima kabatini ni sehemu ya tiba.

Dada yangu hufanya mazoezi ya kisigino kila asubuhi na kila usiku, juu ya mkeka uleule. Anashika kisigino cha mwanawe kwenye kiganja, unyayo umelalia mkono wake kutoka ndani, anauvuta taratibu kuelekea juu, anahesabu mpaka 30 kwa kunong'ona, anaachia. Mara kumi, mguu wa pili. Hakuna kulazimisha wala kutoa machozi. Usiku mtoto huvaa viatu vya plastiki vya kushikilia kifundo, vilivyotengenezwa na fundi aliyesomea Moshi, kwenye chuo cha TATCOT kilichopo katika hospitali ya KCMC tangu 1981, ambacho kimefundisha mafundi wa viungo bandia na vishikizo kutoka nchi nyingi za Afrika. Tuna utajiri huo na hatuusemi. Kinachokatazwa ni mazoezi ya kukomaza: kupandishwa ngazi, kuruka kichura, kukimbizwa. Msuli usio na distrofini haukomai kwa kukazaniwa; unachanika.

Moyo ni msuli. Hili lilinichukua muda kulielewa. Mtoto anapoacha kutembea, familia hudhani ugonjwa umefika mwisho wake, kumbe moyo na mapafu ndivyo vinavyoamua umri. Kipimo cha eko ya moyo kila mwaka kinapatikana Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam na katika hospitali kubwa za Nairobi na Kampala. Dawa zinazochelewesha moyo kudhoofika, kama enalapril na lisinopril, ni zilezile wanazomeza wazee wetu wenye presha, na hushauriwa zianze ifikapo miaka kumi hata kama eko bado ni nzuri. Kwa upande wa kifua, dalili hujificha usiku: mtoto anaamka na maumivu ya kichwa, anasinzia darasani, anaota ndoto za kuzama. Maana yake hapumui vya kutosha akilala. Mashine za kusaidia pumzi ni ghali, lakini kuna mbinu ya kujaza mapafu kwa mfuko wa mkono, ule wa wodini wa kumpulizia mgonjwa, pumzi juu ya pumzi kisha akohoe, na mama anaweza kuijifunza kwa saa moja. Katika nchi zilizoshika matunzo haya ya moyo na mapafu, vijana waliokuwa wakifa kabla ya miaka 20 sasa wengi wanafika 30 na zaidi.

Mambo mawili yaandikwe kwa kalamu nyekundu kwenye kadi ya mtoto, kwa sababu atafikishwa siku moja kwa watu wasiomjua. La kwanza: asipewe suksamethoniumu wala usingizi wa kuvuta puani wakati wa upasuaji, moyo unaweza kusimama mezani. La pili: akishindwa kupumua, oksijeni peke yake haitoshi na inaweza kuficha hatari, kwa kuwa tatizo lake ni kuisukuma hewa nje na ndani. Mifupa nayo itazamwe. Mtoto anayetembea akivunjika paja na kulazwa na plasta wiki sita, mara nyingi hainuki tena, hivyo daktari wa mifupa aambiwe mapema ili amsimamishe haraka iwezekanavyo.

Shule ilikuwa vita ya peke yake. Distrofini ina kazi ubongoni pia, na baadhi ya watoto hawa husoma kwa taabu kabla hata miguu haijalegea. Mwalimu huona uvivu. Mpwa wangu aliwahi kusimamishwa mbele ya darasa kwa kuchelewa mstarini. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya shule anayoweza kuingia, lakini iliyofanya kazi kwetu ilikuwa barua ya daktari pamoja na mjomba aliyefika ofisini mara nne kuomba choo kimoja cha kukaa na darasa la chini. Tulikipata choo. Wanafunzi wengine wawili, ambao hatukuwajua, walianza kukitumia siku hiyohiyo.

Sasa ana miaka 13, anatumia kiti mwendo, anaongoza klabu ya chesi na anasahihisha Kiswahili changu. Mwaka jana mdogo wetu wa mwisho alijifungua mtoto wa kiume. Mama hakuuliza jina la mtoto wala amefanana na nani. Aliuliza lini anakwenda kupimwa CK. Alipelekwa akiwa na miezi sita, mwenye mashavu, akilia kwa sababu ya sindano. Jibu lilikuja kwa simu jioni: 140. Mama alinitaka niisome tena, kisha mara ya tatu, halafu akatandika mkeka, akamweka mtoto chini katikati yetu, akakaa kumtazama.